Shati la Polikarpo

Jeshini waliniita Afande Unalalaje. Si mbele yangu, nani angethubutu, lakini nilijua. Kila askari aliyeingia ofisini kwangu, awe kuruta au kanali mwenye kitambi chake, swali la kwanza lilikuwa hilohilo: unalalaje? Sikuuliza habari za nyumbani, sikuuliza unajisikiaje. Mtu anaweza kukudanganya kuhusu moyo wake kutwa nzima na ukamwamini, ila usingizi haufichiki, macho yanamsema. Nilipoingia jeshini, binti na shahada yangu ya saikolojia, watu walikuwa hawajui tofauti yangu na mganga wa kienyeji. Mkubwa wangu wa kwanza aliniambia, "Tupokigwe, kazi yako wewe ni kuwaambia hawa vijana wajikaze." Nikamjibu kwamba kujikaza wanajua tayari, mie nataka kujua wanavunjikia wapi. Hakupenda. Sie Wanyakyusa hatukuletwa duniani kupendwa na wakubwa.

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi ya maisha yangu. Vijana wanakwenda misheni za kulinda amani, wanarudi, nakaa nao. Kiwewe nilikijua kwa sura zake zote. Lakini kilichoninyima raha zaidi ni wale waliobaki wamesimama. Wawili wamepanda gari moja, wameona jambo moja. Huyu hawezi tena kuvumilia mlango ukibamizwa, yule anaoa, anajenga Chanika, anafuga kuku wake. Kwa nini? Nimelichimba swali hilo mpaka mvi zimenitoka, na kati ya majibu machache niliyoyapata, moja lilikuwa utani wa makabila. Mweke Mzaramo na Mnyamwezi hema moja uone. Hawanyamazi. Anayetukanwa asubuhi anatukana jioni, na katikati ya matusi hayo mtu anapata mahali pa kutua hofu yake bila kuonekana mwoga. Nilikuwaga nafundisha hivyo darasani, kifua mbele, na maofisa wananukuu.

Koplo Kondo na Koplo Polikarpo nilikuwa nawatolea mfano. Kondo ni Mzaramo wa Tandika, mfupi, mdomo haufungi, anaongea kama mtu anayewahi kitu. Polikarpo Mnyamwezi, mrefu, mwendo wa kuinamia kushoto utadhani amebeba ndoo ya maji, na sauti ya pole inayoburuta mwisho wa kila neno. Kabla hawajaondoka niliwahoji mmojammoja, ndio utaratibu. Mie nikisikiliza mtu huwa nachora jua pembeni ya karatasi, tabia ya tangu shule. Polikarpo akaliangalia jua langu, akasema taratibu, "Afande, jua lako halina macho. Litatuonaje sasa?" Nilicheka, na mie sichekagi kazini.

Polikarpo alifia huko. Gari lao lilishambuliwa barabarani, akapigwa risasi, na Kondo alikuwa naye mpaka mwisho. Kondo ndiye aliyerudi na jeneza. Nilipomwita ofisini nikamuuliza, unalalaje? Akasema, "Nalala vizuri, afande." Nikamwangalia macho; kweli, alikuwa analala. Nikamuuliza juu ya siku ile. "Alikufa, afande. Ndo hivyo." Nikamzungusha huku na huku, kila njia ninayoijua, jibu likawa lilelile.

Msibani Kimara nilikwenda, kikosi kilinituma na wenzangu. Nyumba ya mama yake, Demetria, iko bondeni ukishuka kutoka Barabara ya Morogoro, na turubai lilikuwa limefungwa kwenye mpapai. Siku ya kuondoa matanga, watu wamekaa, wanapiga soga zile za kuchoka kulia, mara mlango wa chumba cha marehemu ukafunguliwa na Polikarpo akatoka.

Najua ninachosema. Shati la drafti, jekundu na jeusi. Bega la kushoto limeinama. Akasimama barazani akamwamkia mama kwa Kinyamwezi, anaburuta maneno: "Mwangaluka mayu. Mbona watu wengi hivi, nani amekufa?" Mwanamke mmoja akapiga yowe. Mie mwenyewe nikainuka kitini. Halafu mtu akamtambua, akasema, "Mzaramo huyo," na msiba mzima ukaangua kicheko. Alikuwa Kondo. Wenye mila hizo wanajua: mtani anavaa nguo za marehemu, anamwiga anavyotembea, anavyokula, anavyodai chai, ili wafiwa wacheke huku wanalia, wapumue. Kondo hakuwa anaiga tu. Alimkalia mama yule miguuni, akamwambia, "Mayu, umeanza kukonda, nikuoze kwa Mzaramo?" Demetria alicheka mpaka akashika ubavu. Alikuwa hajatoa sauti tangu jeneza lifike.

Nikawaza, hiki hapa ndicho ninachofundisha. Nikajisikia fahari kabisa. Halafu ofisa wetu, aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini, akasimama kutoa salamu za rambirambi. Askari wote tukasimama, tukanyooka, akiwemo Kondo na lile shati lake. Hotuba ikawa ndefu. Ilipoisha ikaletwa chakula, tukala, tukaondoka, na hakuna aliyekumbuka mchezo uliishia wapi.

Ulikuwa unaingia mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, Polikarpo ameshatimiza mwaka na zaidi ardhini, nilipopata mgeni nyumbani kwangu Bunju. Jumamosi asubuhi, niko uani napalilia mboga. Mwanamke kijana, kajifunga mtandio, kashika mtoto wa kike mkono.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Nani?"

"Mwanakombo. Mke wake Kondo. Huyu mwanetu, Najat. Mume wangu hajui kama nimekuja."

Nikawakaribisha ndani. Mtoto akapewa juisi akaenda kumwangalia paka wangu. Mwanakombo hakuigusa ya kwake.

"Afande, mie sijui nianzie wapi. Mume wangu kila Jumapili anakwenda Kimara kwa mama wa marehemu. Mwanzo nikasema sawa, thawabu. Anavaa lile shati, anaongea nae kwa ile sauti, mama anafurahi, anarudi. Sasa ile sauti anakuja nayo nyumbani. Ikawa Jumapili tu. Ikawa Jumapili na Jumatatu. Saa hizi wiki nzima. Analivaa shati ndani ya kombati. Analifua mwenyewe, mie nisiliguse. Na anakula michembe, afande, vile viazi vitamu vya kukausha. Mzaramo gani anakula michembe? Alikuwaga akiiona sokoni anaziba pua, anasema chakula cha punda. Sasa anaagiza gunia kutoka Tabora."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimemwambia, nimelia, nimenuna, nimerudi kwetu wiki mbili. Ananiita shemeji."

Nikaona anatafuta pa kushika, akashika pindo la kitambaa cha meza yangu.

"Juzi Najat kamrukia, baba, baba. Akamwinua vizuri tu, akamwambia, 'Mtoto mzuri. Baba yako Kondo yuko safari.' Tangu siku ile mtoto ananiuliza, mama, baba atarudi lini. Ananiuliza, na mwenyewe kakaa hapo hapo kwenye kochi."

Nimesikia mengi katika kiti changu. Nimesikia mambo ambayo mengine nimeyaacha ofisini makusudi nisije nayo Bunju. Hilo lilinifuata mpaka jikoni, nikasimama mbele ya sinki sijui nilikwenda kuchukua nini. Niliporudi, Mwanakombo akasema neno ambalo kitabu chochote changu hakikunipa.

"Sie kwetu, mtani akishaigiza, mwenye msiba ndo anamwambia vua. Anavua mbele za watu, anaitwa jina lake, yamekwisha. Hiyo ndo ada. Nimemuuliza, wewe Kimara nani alikwambia vua? Kanijibu, bado."

Nikaliona lile turubai, nikamwona ofisa wetu anasafisha koo. Nikatukana kwa Kinyakyusa, Mwanakombo akajifanya hajasikia.

Jumatatu nikamwita Kondo ofisini. Akapiga saluti, akakaa. Kola ya drafti ilikuwa inachungulia chini ya kombati.

"Unalalaje?"

"Unamuuliza nani, afande?" Aliuliza kwa heshima zote, kama mtu anayetaka kujua barua apeleke mlango upi.

"Namuuliza Kondo."

"Kondo halali. Mie nalala vizuri." Na ile sauti ikaanza kuburuta. Akainamisha bega, akaangalia karatasi yangu, ambayo mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuichora bila kuniuliza. "Jua lako, afande. Mpaka leo halina macho."

Kalamu ilinidondoka. Chumba kile siku ya mahojiano tulikuwa Polikarpo na mie tu, mlango umefungwa, Kondo yuko nje kwenye benchi. Nikajiambia, walilala hema moja, wanaume wakikosa usingizi wanasimuliana mpaka rangi za kuta. Alimsimulia. Nikajiambia hivyo mara kadhaa, na bado niliinuka nikafungua dirisha. Kuna mambo nimesoma, na kuna mambo mwili unayaamua wenyewe.

Ningeweza kumpeleka hospitali. Ningeandika jina la ugonjwa, liko, ninalijua, na angepewa dawa na angestaafishwa kwa afya, na Najat angeendelea kumngoja baba yake aliye kwenye kochi. Wala sikatai dawa. Lakini mtu huyu alikuwa ameingia mahali kupitia mlango unaojulikana, na mwenye ufunguo alikuwa anakaa Kimara. Nikaamua kwenda.

Jumapili iliyofuata nikaondoka baada ya ibada, sijabadili hata gauni la kanisani. Nilimkuta Demetria uani, anapuliza moto wa kuni ingawa gesi anayo, sufuria ya michembe inachemka na karanga. Ndani nikasikia redio ya mpira na ile sauti inabishana na mtangazaji. Angekuwa hai Polikarpo, hivyo ndivyo angebishana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Polikarpo yuko ndani."

Alisema hivyo bila kupepesa. Mama mwembamba, mgongo umenyooka, shingoni rozari. Nikavuta kigoda. Sina maneno ya kuzunguka mie, nikamwambia moja kwa moja: mama, yule ni Kondo, na wewe unajua ni Kondo. Siku ya matanga hukumwambia avue. Nimekuja kukuomba umwambie.

Akaendelea kukoroga.

"Una watoto?"

"Ninao, mama. Wawili."

"Wako hai?"

"Wako hai."

"Basi kaa kimya."

Moshi ulikuwa unanijia usoni, nami nikaona hata kuhama si adabu. Baadaye akasema, na hasira yake ilikuwa ya chini, ile inayotisha, "Nyie mlimchukua na sauti yake na miguu yake. Mkanirudishia sanduku lenye bendera, mkaniambia nisilifungue. Nimezika mbao mimi. Yule mtoto wa Kizaramo akatoka mle chumbani, nikamwona mwanangu. Anakuja, anakula, ananitania, anaondoka Jumapili jioni kama alivyokuwa anaondoka kurudi kambini. Leo umetoka huko na gauni lako zuri uniambie nimzike tena. Kwa mkono wangu."

Nilitamani kuondoka, nisidanganye. Nimewaambia wanaume wenye mabomu kichwani maneno ya kuwatuliza, nikayapata. Kwa mama yule sikuwa na hata moja. Nikabaki na lile la Mwanakombo, nikalitoa kama lilivyo.

"Mama, Kondo ana mtoto wa kike. Anaitwa Najat, yuko chekechea. Amemwambia, baba yako Kondo yuko safari. Mtoto anauliza kila siku baba atarudi lini."

Mwiko ukasimama.

"Kamwambia hivyo mtoto wake?"

"Kamwambia hivyo."

Demetria akaipua sufuria kwa mikono mitupu, sijui hakuungua vipi. Akapakua sahani mbili, kama alivyozoea. Akakaa ameziangalia, mvuke unapanda. "Na yeye anangoja," akasema. Halafu akajifuta uso kwa khanga. "Njoo ndani. Kama ni mara ya mwisho, kuna kitu nataka kumuuliza."

Kondo alikuwa kwenye kiti cha Polikarpo, mgongo dirishani. Aliniona, akainuka nusu, akakaa. Demetria akaweka sahani mezani, akazima redio. Akakaa mbele yake magoti yanagusana, akamshika mikono.

"Polikarpo."

"Naam mayu."

"Siku ile kule. Uliniita?"

Kondo akatabasamu kwa lile tabasamu la pole, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, nikasikia neno linaanza kuburuta, likakatika katikati. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Ndipo nikaelewa, na nikajiona mjinga kwa kuchelewa. Polikarpo yule aliweza kusema yote: utani kwa mama, mpira, jua langu. Lakini jinsi alivyokufa hakuweza kusema, kwa sababu mwenye kuyajua hayo ni Kondo peke yake. Na Kondo alikuwa safari.

Nikainuka. Kazi yangu inasema mtu akifika pale unamrudisha taratibu, humsukumi. Demetria hakunitazama, akaninyooshea kiganja, kaa. Nikakaa.

"Uliniita, mwanangu?"

"Mama." Ilikuwa sauti nyingine, ya haraka, ya Tandika, na ilikuwa imekauka. "Mama, mie Kondo."

"Sema, Kondo."

"Hakukuita. Pumzi hana, angekuita na nini. Alikuwa kaniegemea hapa, mie nambana jeraha, damu inapita tu. Yeye ananitania. Ananiambia, Mzaramo, leo umelamba bahati, shati langu la drafti lipo chini ya begi. Utavaa wewe. Usinifanye mlevi msibani, nitembeze vizuri. Na usivue mpaka mama akwambie. Nikamwambia nyamaza we mla michembe, hufi leo. Nikamwambia hivyo, mama. We mla michembe. Akafa. Neno la mwisho kulisikia duniani ni hilo tusi langu. Sikumpa hata pole."

Nje kuna mtu alikuwa anaita kuku.

"Nikalivaa," Kondo akasema. "Nikamtembeza vizuri. Nikasubiri uniambie. Kila Jumapili nakuja, nasubiri. Huniambii."

Mwaka mzima na zaidi. Mama anangoja mwanawe asiondoke, na huyu anangoja aambiwe aondoke, wanatazamana kwenye meza moja na chakula kinapoa. Nimeandika sana juu ya ustahimilivu, nikasomwa, nikapigiwa makofi. Yule kijana alikuwa amestahimili kuliko wote niliowahi kuwahoji, na ilikuwa inamuua.

"Alicheka?" Demetria akauliza.

"Nini?"

"Ulipomwita mla michembe. Alicheka?"

Kondo akafikiri. Nilimwona anarudi kule kwa miguu yake mwenyewe, anatafuta. "Alicheka," akasema kwa mshangao, kana kwamba naye ndio anaona sasa. "Damu ikamtoka kwa kucheka. Nikamgombeza asicheke."

"Basi alikwenda anacheka," Demetria akasema. "Mimi nilidhani aliniita, sikusikia."

Akanyoosha mkono kwenye kola. Kifungo cha kwanza kilimshinda, vidole vilikuwa vigumu. Nikaona nimsaidie, nikajizuia. Kikafunguka. Akashuka, kimoja kimoja, kama mtu anayemvua mtoto nguo za shule, na alipofika cha mwisho akasema, kwa sauti ambayo hata majirani wangeisikia, "Vua, Kondo. Vua baba. Umemtembeza vizuri."

Akavua. Akabaki na singlendi, mabega membamba, mtu mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Demetria akalikunja shati, akalipeleka puani, na hapo ndipo alipolia. Lilikuwa linanuka Kondo. Harufu ya mwanawe mle ilikuwa imeshaisha zamani, kwa sabuni na kwa jasho la mtu mwingine. Alilia kile kilio ambacho siku ya jeneza hakikutoka, na Kondo alilia naye, kichwa magotini pa yule mama. Mie nilitazama picha ya Moyo Mtakatifu ukutani kwa muda mrefu.

Alipotulia, akampiga Kondo kibao kidogo cha kisogoni.

"Nyanyuka. Mzaramo wewe, umenimalizia michembe yangu mwaka mzima kwa ujanja. Nenda kwenu ukale wali wako wa nazi. Mkeo akupikie, na uniletee huyo mtoto nimwone kama kafanana na wewe, maskini."

Kondo akafuta uso. Midomo ikamcheza. "Asifanane na mie afanane na nani, na nyie Wanyamwezi mlivyo na sura za kukopa," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. Akaondoka na singlendi yake mpaka barabarani, akapanda bodaboda. Hakuinamisha bega. Nilimwangalia mpaka akakata kona.

Mie nilibaki. Nisingeweza kumwacha yule mama peke yake na sahani mbili mezani. Tulikaa barazani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi, Mwanakombo akanipigia simu. Hakusalimia. Alisema, "Afande, sikiliza," akaisogeza simu, nikasikia mtoto: baba umerudi safari? Umeniletea nini? Na mwanamume anajibu kwa haraka haraka kwamba begi zima limepotea njiani, mwanangu, ila kesho tunakwenda dukani wewe na mie. Niliweka sauti kubwa ili Demetria asikie. Akasikiliza mpaka ikakatika.

"Amefika," akasema.

"Amefika, mama."

Aliirudia rozari yake, punje baada ya punje, midomo haitikisiki. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniuliza.

"Wewe ulimhoji kabla hajaenda."

"Nilimhoji."

"Alikuwa anaongeaje?"

Nilikuwa nayo ile sauti. Nilikuwa nayo sikioni tangu Jumatatu, na kabla ya hapo, kila mwisho wa neno unaoburuta. Mdomo wangu ulifunguka, na nawaambia ukweli, ilikuwa pale, juu ya ulimi, na bega langu la kushoto nililihisi linataka kushuka. Nikashika mkono wa kiti.

"Mie sijui kuiga mtu, mama," nikasema. "Mie hata Kiswahili nakiongea kama naongea Kinyakyusa. Lakini alichosema nakikumbuka."

"Niambie alichosema, basi."

Nikamwambia, kwa sauti yangu hii nzito ya Tukuyu. Nilimuuliza unaogopa nini huko unakokwenda. Akaniambia, afande, risasi kila mtu anaogopa, hilo usiandike. Andika mama yangu anakula peke yake.

Demetria alikuwa amefumba macho. "Nimesikia, mwanangu," akajibu, na hakuwa ananijibu mie. Nikaangalia kiti cha tatu pale barazani, kile kitupu, halafu nikaacha kukiangalia. Nikaenda ndani, nikaleta zile sahani mbili zilizopoa, nikampa yake, nikala ya kwangu. Michembe ikipoa inashika meno. Niliila yote.

Nimeshastaafu sasa. Kondo yuko kwenye dawa na mazungumzo, anahangaika kama wengine, ndoto anaota, na anaota kwa jina lake. Jumapili, ibada ikiisha, naendesha kutoka Bunju mpaka Kimara. Demetria anasikia gari, anapakua sahani mbili. Mara nyingine nikiwa nashuka lile bonde najikuta nimeegemea kushoto, nanyooka. Naenda na nguo zangu mwenyewe.